UZI: Maada ya giza au sheria mpya ya uvutano? Tuiulize gesi

Mhenga_Rongai

Wadau, ubishi ulioanza juzi kule kwenye uzi wa roketi tuuhamishie hapa kabla wasimamizi hawajaufunga. Swali ni moja. Nyota za pembezoni mwa galaksi huzunguka kwa kasi ambayo uvutano wa vitu vinavyoonekana hauwezi kuihimili. Zilipaswa kuchomoka zamani. Je, kuna maada nyingine isiyotoa mwanga inayozishikilia, au sheria ya Newton hubadilika huko mbali?

Naegemea maada ya giza, na nasema mapema ili anayetaka kunoa panga anoe. Lakini siegemei kwa sababu ya "wanasayansi wengi wamekubali", hoja ambayo nimechoka kuisoma humu. Naegemea kwa sababu ya gesi. Watu hutazama nyota kwa kuwa ndizo zinazopendeza kwenye picha, ilhali gesi ndiyo yenye habari. Na gesi hiyohiyo ndiyo inayowapa wapinzani wangu hoja yao bora kabisa, nalo pia tutalifikia.

Kwa asiyelijua tatizo: karibu uzito wote wa mfumo wetu umo ndani ya Jua. Ndiyo maana Utaridi, iliyo karibu, hukimbia kilomita 47 kwa sekunde, na Neptuni, iliyo mbali, hujikokota kwa kilomita 5.4. Ukizidi kwenda mbali kasi inashuka. Galaksi nayo mwanga wake umejazana katikati, kwa hiyo kila mtu alitegemea nyota za nje zijikokote vilevile. Vera Rubin na Kent Ford wakapima galaksi ya Andromeda, wakachapisha mwaka 1970: kasi haishuki. Kufikia 1980 walikuwa wamepima galaksi 21, habari ni ileile. Albert Bosma wa Groningen, katika tasnifu yake ya 1978, akatumia mawimbi ya redio ya haidrojeni, yale ya sentimita 21, yanayofika mbali kupita nyota zinapoishia. Huko nako mstari wa kasi ukabaki bapa.

Fritz Zwicky alikuwa ameona jambo la namna hiyo tangu 1933, katika kundi la galaksi la Coma. Galaksi za kundi hilo hupishana kwa kasi za kiasi cha kilomita 1,000 kwa sekunde, na uzito wa nyota zake hautoshi kabisa kuzifunga pamoja. Akataja maada ya giza. Hakuna aliyemjali sana, na inasemekana tabia yake haikumsaidia.

Kisha 1983 Mordehai Milgrom wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, akasema msitafute kitu, rekebisheni sheria. Mchapuko, yaani kiwango cha kasi kubadilika, ukishuka chini ya kipimo fulani, uvutano huacha kupungua kwa mraba wa umbali na kuanza kupungua kwa umbali wenyewe tu. Pendekezo hilo huitwa MOND. Kipimo chake kinaandikwa a₀, ni 1.2 × 10⁻¹⁰ mita kwa sekunde kwa sekunde. Matatu ikiondoka steji kwa mchapuko huo itafika kikomo cha kilomita 80 kwa saa baada ya miaka 5,900 hivi. Huku kwetu kwenye sayari hatuwezi kuligundua jambo hilo, kwani hata Neptuni ina mchapuko mkubwa kuliko a₀ mara elfu hamsini na zaidi.

Haya, uwanja ni wenu.

Otis_wa_Ngara

Nilikuwa naungoja huu uzi kama mshahara. Mimi ni wa Milgrom na sifichi.

Swali langu kwa watu wa maada ya giza ni dogo tu: iko wapi? Kule Dakota Kusini, Marekani, kilomita moja na nusu chini ya ardhi, wana pipa la tani 10 za zenoni ya majimaji la kunasia chembe za maada hiyo, chombo kinaitwa LUX-ZEPLIN. Mwaka 2024 walitoa matokeo ya siku 280. Kapa. Gran Sasso, Italia, nako wana pipa lao. Kapa. Mtambo wa kugonganisha chembe wa CERN, Ulaya, uliopata chembe ya Higgs mwaka 2012 nao haujaona chembe hata moja ya aina hiyo. Kila chombo kikikosa mnasema chembe yenyewe ni ngumu zaidi kuikamata, tuongezeeni pesa tujenge kubwa. Sasa kweli wasee, lini mtakubali haipo?

Dogo_Umoja

Samahani kwa swali la kitoto. Kama hiyo maada imejaa galaksi nzima, si basi iko hapa Nairobi pia? Mbona haituvuti?

Mwl_Juja

Dogo, hakuna utoto hapo. Ipo, kama nadharia ni kweli, ila imesambaa mno. Vipimo vya msongamano wake karibu na Jua vinaonyesha kwamba ukichukua ujazo wote wa Dunia, ndani yake wakati wowote kuna maada ya giza isiyofika kilo moja. Dunia yenyewe ina kilo 6 × 10²⁴. Haiwezi kukuvuta wala kuisumbua sayari yoyote. Nguvu yake inatokana na ukubwa wa nafasi: kati ya nyota na nyota kuna utupu mwingi sana, na wote huo una kidogokidogo chake.

Kadzo_Ngomeni

Nyinyi wa bara mwabishana juu ya Coma na hamjui kwamba sura moja nzima ya habari hiyo ilianzia kwetu pwani. Niacheni niseme kabla Otis hajaanza tena.

Baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kuna jukwaa la chuma la San Marco, la Waitaliano. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, roketi ya Scout iliruka kutoka pale na setilaiti ya NASA. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuangalia mbingu kwa eksirei. Kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji wakaiita Uhuru. Si kwa mapenzi tu walikuja kwetu, maana ikweta ina faida zake: mzunguko wa Dunia unaipa roketi kasi ya bure ya mita 465 kwa sekunde, na setilaiti ikizunguka juu ya ikweta hukwepa mionzi mikali iliyo juu ya Atlantiki ya Kusini, ile ambayo huvuruga vipimo.

Uhuru ikaitazama Coma. Eksirei zilikuwa zinatoka katika eneo zima la kundi, hata pale pasipo na galaksi. Kitu gani hicho? Jibu likaja kutoka setilaiti nyingine, Ariel 5 ya Waingereza, na hiyo pia ilirushwa papo hapo Ngomeni, Oktoba 1974. Mwaka 1976 iliona alama ya chuma katika eksirei za kundi la Perseus, na alama hiyo hutoka kwenye gesi ya moto wa mamilioni ya nyuzi. Kwa hiyo sehemu ya kile ambacho Zwicky hakukiona ilikuwa gesi ya kawaida kabisa, haidrojeni na heli, iliyojaa katikati ya galaksi. Moto wake ni mkali mno hata darubini ya mwanga wa macho haiioni.

Sasa mniambie, hiyo inamsaidia nani?

Otis_wa_Ngara

Kadzo nakupa tano. Na inanisaidia mimi! Walisema kuna maada isiyoonekana, kumbe ni gesi. Walikosa macho tu.

Mhenga_Rongai

Otis, umeruka haraka. Asante sana dada Kadzo, hapo ndipo nilipotaka tufike.

Ni kweli gesi ile ni nyingi. Katika makundi makubwa huzizidi nyota zote kwa uzito mara kadhaa. Lakini ukijumlisha gesi na nyota unapata kama sehemu moja katika sita au saba ya uzito unaohitajika. Uhuru ilipunguza pengo, haikuliziba.

Halafu kuna jambo ambalo huwa halisemwi. Gesi ile yenyewe ni mizani. Gesi ya Coma ina joto la karibu nyuzi milioni 100. Gesi yenye moto wa namna hiyo ina haraka ya kutawanyika, na bila uvutano mkubwa wa kuibana isingekuwepo leo. Kwa hiyo unaweza kuipuuza kabisa kasi ya galaksi alizopima Zwicky, ukachukua joto la gesi na jinsi ilivyotandazwa, ukakokotoa uzito wa kundi upya. Unapata jibu linalokaribiana na la kasi za galaksi. Kisha kuna njia ya tatu, jinsi uvutano wa kundi unavyopinda mwanga wa galaksi zilizo nyuma yake. Nayo inatoa jibu la aina hiyohiyo. Njia tatu zisizojuana.

Weka sheria ya Milgrom katika makundi hayo. Pengo linapungua lakini haliishi: bado unahitaji uzito usioonekana unaokaribia kulingana na wote unaoonekana. Milgrom mwenyewe halikatai hilo. Yaani mtu amekuja kutuondolea maada isiyoonekana, na akifika kwenye makundi naye anaiomba kidogo. Mimi hapo ndipo imani inaponitoka.

Mwl_Juja

Mzee Mhenga, kwa makundi nakubali. Sasa turudi kwenye galaksi moja moja, maana huko ndiko swali lilikoanzia, na huko nyinyi ndio mnaoomba.

Nitapiga hesabu hadharani. Sheria ya Milgrom inasema kasi ya pembezoni, ukiipandisha kwa kipeo cha nne, ni sawa na G (ile namba ya uvutano ya Newton) mara uzito wa nyota na gesi mara a₀. Hakuna umbali ndani ya fomula hiyo, na kwa sababu hiyo mstari unakuwa bapa. Galaksi yetu, Njia Nyeupe, ina nyota na gesi za uzito wa kama Jua mara bilioni 65. Weka:

6.67 × 10⁻¹¹ × 1.3 × 10⁴¹ × 1.2 × 10⁻¹⁰ = takriban 10²¹

Chukua kipeuo cha pili, kisha kipeuo cha pili tena: mita 180,000 kwa sekunde. Kilomita 180. Newton, kwa uzito huohuo, katika umbali wa miaka ya nuru 80,000 kutoka katikati angekupa kilomita 107. Vipimo vya Gaia, setilaiti iliyopima mahali na mwendo wa nyota, vinatoa kati ya 170 na 200 huko, kutegemea ni kundi gani la watafiti limekokotoa. Namba moja ya a₀, wala sikuirekebisha.

Mtu atasema uzito wa nyota ni wa kukisia, naweza kuubana utoke nitakavyo. Hoja ya haki. Ndiyo maana napenda galaksi ndogo zilizojaa gesi. Uzito wa nyota hukadiriwa kutokana na rangi na umri wake, lakini gesi ya haidrojeni unaipima moja kwa moja kwa redio, huwezi kuibana. Chukua DDO 154. Ni galaksi kibeti, na sehemu kubwa sana ya maada yake inayoonekana ni gesi, nyota ni za kuhesabika. Jumla yake ni kama Jua mara milioni 400. Fomula ileile inatoa kilomita 50 kwa sekunde. Iliyopimwa inakaribia 48.

Sasa nieleze kwa nadharia ya maada ya giza. Kwenye DDO 154 maada ya giza inatakiwa iwe nyingi kupita gesi na nyota kwa mara nyingi. Basi inakuwaje kile kidogo kinachoonekana ndicho kinachotabiri kasi?

Otis_wa_Ngara

Mwalimu wacha nikununulie chai. Rongai kimya!

Mhenga_Rongai

Rongai hakuna stima, si kimya.

Mwalimu, umeshika mahali penyewe. Niongezee hata hoja zako kwa sababu sitaki kushinda kwa kuficha. Mwaka 2016 Stacy McGaugh, Federico Lelli na James Schombert walichukua galaksi 153, wakapata vipimo karibu 2,700 ndani yake. Kwa kila kipimo walilinganisha mchapuko uliopo na ule ambao nyota na gesi zingeuleta kwa sheria ya Newton. Galaksi kubwa, vibeti, zenye mwanga mkali, zilizofifia, zote zikakaa kwenye mstari mmoja, na mstari huo unajipinda pale pale kwenye a₀. Ulipaswa kuona mtawanyiko mkubwa, kwani kila galaksi ina historia yake: moja imemeza jirani, nyingine imelipukiwa na nyota zake ikapoteza gesi. Mtawanyiko huo haupo.

Watu wa upande wangu hujibu kwa programu za kompyuta. Wanaiga galaksi tangu mwanzo wa ulimwengu, wanaweka maada ya giza, gesi, milipuko ya nyota, na mstari unatokea. Nakubali unatokea. Lakini umetokea baada ya watu kujua wanatafuta nini, na Milgrom alikuwa ameshaandika mwaka 1983, kabla galaksi nyingi zilizofifia hazijapimwa. Mimi utabiri uliotangulia kipimo nauheshimu kuliko maelezo yaliyokuja nyuma yake. Kuna galaksi ndogo inayoizunguka Njia Nyeupe, inaitwa Crater II. McGaugh alitabiri kwa MOND kwamba nyota zake zitapishana kwa kilomita 2.1 kwa sekunde. Kipimo kilipotoka mwaka 2017 kikawa 2.7, ndani ya kosa la vipimo. Nadharia ya kawaida ya maada ya giza ilitarajia kasi kubwa zaidi ya hiyo.

Kwa hiyo simwambii mtu a₀ ni bahati nasibu. Hata ukubwa wake unakera: chukua kasi ya nuru, zidisha kwa kiwango cha kupanuka kwa ulimwengu, gawanya kwa 2π, unapata karibu namba hiyohiyo. Hakuna aliyeniridhisha kwa nini. Nasema tu kwamba anayetaka kuitupa maada ya giza lazima avuke mahali pengine pawili, na huko MOND haijavuka.

Shamsa_Pangani

Mahali pa kwanza naomba nipataje mimi, maana nimesubiri. Kundi la Risasi.

Liko mbingu ya kusini, kwenye nyota za Carina. Ni makundi mawili ya galaksi yaliyopenyana. Galaksi ziko mbalimbali, kwa hiyo zilipishana bila kugusana zikaendelea na safari. Gesi haikuweza. Gesi ya kundi moja iliivaa gesi ya lingine, ikapunguza mwendo, ikabaki nyuma katikati. Kwenye picha ya eksirei ya setilaiti ya Chandra unaliona umbo lake, kama ncha ya risasi, ndipo jina lilipotoka.

Sasa kumbukeni alichosema Mhenga: gesi ndiyo nzito kuliko nyota. Kama vinavyoonekana ndivyo vyote vilivyopo, uvutano mkubwa lazima uwe kwenye gesi, katikati. Mwaka 2006 Douglas Clowe na wenzake walipima kupinda kwa mwanga wa galaksi za nyuma. Uvutano mkubwa uko kwenye galaksi, pande mbili, umeiacha gesi. Kwa hiyo kuna kitu kizito kilichopenya bila kugongana. Ibadilishe sheria ya uvutano utakavyo, ni vigumu mno kuielekeza nguvu mahali ambapo hakuna uzito.

Otis_wa_Ngara

Shamsa, hiyo najua huja kila mara kama kura ya turufu. Majibu mawili. Moja, wimbi la mshtuko kwenye gesi ile lilipimwa likienda kilomita 4,700 kwa sekunde, na kulikuwa na watu wa maada ya giza wenyewe waliosema kasi hiyo ni kubwa mno kwa nadharia yao. Mbili, nyutrino, chembe ndogo mno, zipo, zina uzito, hatuzioni, na hazigongani. Zikiwa na uzito wa elektroni-volti 2 (kipimo cha uzito wa chembe) kila moja, zinatosha kuliokoa Kundi la Risasi bila chembe mpya.

Shamsa_Pangani

La kasi lilijibiwa mwaka 2007. Volker Springel na Glennys Farrar walionyesha kwamba mwendo wa wimbi la mshtuko kwenye gesi si mwendo wa kundi lenyewe, kundi linakwenda kama 2,700. Hiyo inavumilika.

La nyutrino lilikuwa jibu zuri zamani. Chombo cha KATRIN kule Ujerumani kinapima uzito wa nyutrino moja kwa moja, na matokeo ya 2025 yanasema hauzidi elektroni-volti 0.45. Mbili haifiki. Ukitaka nyutrino ya aina nyingine ambayo hakuna aliyeiona, karibu upande wetu, kwani hiyo itakuwa maada ya giza.

Msimamizi

Nimefuta majibu mawili ya matusi. Mzozo wa mpira wa Gor na Ingwe una jukwaa lake.

Mwl_Juja

Mahali pa pili nadhani ni mwanga wa kale, ule mnururisho uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000. Nasema hivi ingawa nimekuwa nikimtetea Milgrom.

Wakati huo hapakuwa na nyota hata moja. Maada yote ya kawaida ilikuwa gesi ya moto, imeshikamana na mwanga. Gesi ilitaka kuangukia penye uvutano, mwanga ukaisukuma nje, ikarudi tena, na mitetemo hiyo imeacha alama, kama vilele vinavyofuatana kwenye grafu, ambazo setilaiti ya Planck ilizipima vizuri sana. Ingekuwa gesi peke yake, alama ya tatu ingekuwa ndogo. Ipo kubwa. Kuna kitu kilichokuwa kinaanguka bila kusukumwa na mwanga. Hesabu za Planck, kwa vyote vilivyomo ulimwenguni, zinatoa maada ya kawaida asilimia 5, ya giza karibu 27, na 68 ni ile nishati ya giza ambayo ni uzi mwingine.

Otis_wa_Ngara

Hapo mwalimu umenichoma kisu mgongoni, lakini habari haijaishia hapo. Mwaka 2021 Constantinos Skordis na Tom Złośnik walitoa nadharia iliyojengwa juu ya wazo la Milgrom, na inapita kwenye alama hizo zote za Planck. Msiseme tena haiwezekani.

Mhenga_Rongai

Haiwezekani sisemi. Niliifuatilia nilivyoweza, kazi nzuri. Angalia lakini inavyofanya: inaongeza uga mpya, yaani kitu kilichoenea kila mahali angani, na uga huo mwanzoni mwa ulimwengu hufanya kama vumbi zito lisilosukumwa na mwanga. Tayari una kitu kisichoonekana chenye tabia za maada ya giza. Tofauti yako na yangu imebaki ni kama kitu hicho ni chembe au ni uga, na kwa fizikia ya leo mpaka huo ni mwembamba.

Wengine wa familia hiyo hawakubahatika. Jacob Bekenstein alitoa nadharia yake mwaka 2004, iliyotarajiwa sana. Tarehe 17 Agosti 2017 nyota mbili za nyutroni ziligongana umbali wa miaka ya nuru milioni 130. Mawimbi ya uvutano na mionzi ya gama vikafika kwetu vimepishana sekunde 1.7 tu. Nadharia ya Bekenstein ilihitaji vipishane zaidi, sana. Siku moja ikafuta rafu nzima ya mapendekezo.

Kadzo_Ngomeni

Mhenga, wewe mwaka mzima wasema waegemea. Kitu gani kitakufanya uhame?

Mhenga_Rongai

Nyota pacha zilizo mbalimbali. Nyota mbili zinazozungukana kwa umbali mkubwa sana huwa na mchapuko chini ya a₀, na hazina nafasi ya kubeba maada ya giza ya maana. Newton na Milgrom wanatoa kasi tofauti, na hakuna wa kujificha. Mwaka 2023 Kyu-Hyun Chae wa Seoul alichukua nyota pacha za Gaia akasema Milgrom ameshinda. Mwaka huohuo Indranil Banik na wenzake wakachukua nyota za Gaia vilevile wakasema Newton ameshinda, tena kwa mbali. Banik alikuwa mtetezi wa MOND, kwa hiyo matokeo yake nayapa uzito kidogo zaidi. Shida ni nyota ya tatu iliyojificha: pacha mmoja akiwa kumbe ni wawili, kasi inapanda na unadhani umeona sheria mpya. Pande zote mbili zikikubaliana jinsi ya kuzichuja hizo, na kasi ikabaki juu, nitahama siku hiyohiyo na makundi yangu ya galaksi nitayatafutia maelezo mengine.

Na wewe Otis?

Otis_wa_Ngara

Wakishika chembe. Pipa mbili tofauti, nchi mbili tofauti, zenye kuona kitu kimoja. Kabla ya hapo niko Ngara na sisogei.

Dogo_Umoja

Mimi nimesoma yote, mengine yamenipita. Hivi vipimo vya galaksi vinauzwa? Ningependa kujaribu ile hesabu ya DDO 154 mwenyewe.

Mwl_Juja

Ni bure. Tafuta SPARC, mkusanyiko wa galaksi 175 uliotolewa 2016 na hao McGaugh, Lelli na Schombert. Kila galaksi ina jedwali lake la maandishi, hata kompyuta ya saiba inalifungua. Utakuta umbali kutoka katikati, kasi iliyopimwa pamoja na kosa lake, kisha mchango wa gesi na mchango wa nyota. Michango hiyo usiijumlishe hivihivi: ipandishe kwa mraba, jumlisha, halafu chukua kipeuo. Hiyo ndiyo kasi ya Newton. Chora mistari miwili, ya Newton na iliyopimwa, uone inapoachana. Ukitoka hapo tafuta galaksi kubwa yenye nyota nyingi, rudia, ulinganishe mahali zilipoachana kwa mchapuko, usilinganishe kwa umbali.

Na msidhani hayo ni ya Wazungu peke yao. MeerKAT, zile dishi 64 za Karoo, Afrika Kusini, zinapima gesi ya galaksi hizihizi kwa kina ambacho Bosma hakukiota, na Kenya ni mojawapo ya nchi washirika wa Afrika katika SKA, mradi mkubwa wa darubini za redio unaojengwa juu yake.

Dogo_Umoja

Nimeipata, inashuka. DDO 154 ina mistari michache tu, nilidhani itakuwa kubwa. Wapi naweka hiyo a₀?

Mwl_Juja

Bado. Chora Newton kwanza, weka picha hapa, tuendelee.